WIMBI LA SAINI: MTOTO AJIFUNZE KULICHORA KWA MKONO WAKE

Mashine ndogo ya kuhesabia imekuwa mwenzi wa kila mwanafunzi wa sekondari. Hulala mfukoni pamoja na kalamu na rula, na wanafunzi wengi huamini kwamba bila hiyo hisabati haiendi. Hata hivyo, mwenzi huyu ana tabia ya kumtoroka mtu siku ya shida. Betri huisha usiku wa kuamkia mtihani, kitufe hukwama, au mvua huilowesha njiani. Zaidi ya hayo, kuna wakati ambapo mashine nzima, isiyo na kasoro yoyote, hutoa jibu la kupotosha, na mwanafunzi hulinakili kwa utiifu kama kuruta aliyepewa amri.

Mfano mmoja unatosha. Mwanafunzi anaulizwa saini ya pembe ya nyuzi 30. Anabonyeza vitufe, na mashine inamjibu: −0.988. Jibu la kweli ni 0.5. Mashine haikuharibika. Kilichotokea ni kwamba imewekwa ipime pembe kwa radiani badala ya nyuzi. Duara zima lina nyuzi 360, au radiani 6.28 hivi, au gradi 400, na mashine nyingi zinazijua njia zote tatu. Ikiwa imewekwa katika gradi, itajibu 0.454. Hivyo swali moja limepata majibu matatu, na yote yameandikwa kwa tarakimu safi zinazovutia macho.

Ni nani atakayemwambia mtoto kwamba −0.988 ni upuuzi? Mwalimu hayupo ndani ya chumba cha mtihani, wala mzazi hayupo. Aliyepo ni mchoro ulio kichwani mwake, kama aliwahi kuuchora kwa mkono wake mwenyewe. Aliyeuchora anajua kwamba kwenye nyuzi 30 wimbi la saini liko juu ya mstari, katikati ya safari yake kwenda kileleni, na haliwezi kabisa kuwa hasi.

Kwa watoto wa askari jambo hili lina uzito wa pekee. Baba au mama huhamishwa kutoka kikosi kimoja hadi kingine, na watoto hubadilisha shule katikati ya muhula. Vitabu husahaulika, madaftari hupotea njiani. Lakini elimu iliyokaa kichwani na mkononi haihitaji nafasi ndani ya lori.

SAINI NI KITU GANI?

Saini ya hisabati si ile ambayo mtu hutia chini ya barua. Ni namba inayoeleza uhusiano wa pembe na kimo. Chukua ngazi ya mita 10 iliyoegemezwa ukutani. Ikiwa ngazi hiyo inafanya pembe ya nyuzi 30 na ardhi, ncha yake itagusa ukuta kwenye kimo cha mita 5. Gawanya kimo kwa urefu wa ngazi, yaani 5 kwa 10, upate 0.5. Hiyo ndiyo saini ya nyuzi 30. Ukiinua ngazi ile ile hadi nyuzi 60, ncha itafika mita 8.66, na saini ni 0.866. Ngazi ikisimama wima kabisa, kimo kitakuwa mita 10 zote na saini ni 1. Ikilala chini, kimo ni sifuri na saini ni sifuri.

Kosaini ni ndugu yake. Yeye hatazami kimo cha ukuta, bali umbali kutoka chini ya ukuta hadi mguu wa ngazi, uliogawanywa kwa urefu wa ngazi. Na tanjenti ni saini iliyogawanywa kwa kosaini. Huo ndio msingi wote. Mengine hujengwa juu yake.

Jina lenyewe limesafiri sana. Wanajimu wa Bara Hindi, miongoni mwao Aryabhata aliyeandika kitabu chake mwaka 499, walitumia neno lililomaanisha uzi wa upinde. Waarabu walilipokea kwa sauti ya *jiba*, na kwa kuwa maandishi yao hayaonyeshi irabu zote, wasomaji wa baadaye walilisoma kuwa *jaib*, yaani mkunjo wa nguo kifuani. Watafsiri wa Ulaya katika karne ya 12 waliligeuza kuwa *sinus*, neno la Kilatini lenye maana iyo hiyo ya mkunjo. Kwa hiyo elimu hii si mali ya taifa moja, wala haikungoja mashine. Watu hao wote walihesabu kwa akili, kwa kalamu na kwa subira.

MKONO WA KUSHOTO NI JEDWALI

Kabla ya mashine kuenea, wanafunzi wa Afrika Mashariki walitumia vitabu vya majedwali ya tarakimu nne. Lakini kwa kazi ya kuchora, hata jedwali halihitajiki. Pembe tano tu zinatosha: 0, 30, 45, 60 na 90. Nazo zinakaa katika vidole vitano.

Mtoto na ainue mkono wake wa kushoto, kiganja kikimtazama. Kidole kidogo ni nyuzi 0, cha pete ni 30, cha kati ni 45, cha shahada ni 60, na gumba ni 90. Akitaka saini ya pembe fulani, akunje kidole cha pembe hiyo, kisha ahesabu vidole vilivyobaki upande wa kidole kidogo. Atafute kipeuo cha pili cha idadi hiyo, halafu agawanye kwa 2.

Kwa nyuzi 30 akunje kidole cha pete. Upande wa kidole kidogo kimebaki kimoja. Kipeuo cha pili cha 1 ni 1. Nusu yake ni 0.5. Kwa nyuzi 45 vimebaki viwili. Kipeuo cha pili cha 2 ni 1.414, na nusu yake ni 0.707. Kwa nyuzi 60 vimebaki vitatu. Kipeuo cha pili cha 3 ni 1.732, na nusu yake ni 0.866. Kwa nyuzi 90 vimebaki vinne. Kipeuo chake ni 2, na nusu yake ni 1.

Akitaka kosaini, ahesabu vidole vya upande wa gumba badala ya upande wa kidole kidogo. Kwa nyuzi 30 vipo vitatu, hivyo kosaini yake ni 0.866.

Mtoto asidhani kuwa huu ni mchezo wa mazingaombwe. Namba za 30 na 60 zinatoka katika pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa, iliyokatwa katikati. Namba ya 45 inatoka katika mraba uliokatwa kutoka kona hadi kona. Ni vizuri azichore pembetatu hizo na kuzipima kwa rula, ili asadiki kwa macho yake kabla ya kukariri.

JINSI YA KUCHORA

Vifaa ni penseli iliyochongwa vizuri, rula, bikari na daftari. Asiye na bikari atumie uzi uliofungwa kwenye penseli na kushikizwa kwa pini.

Kwanza, daftari lilazwe ubavu. Uchorwe mstari mrefu mlalo katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto, kitovu kikiwa juu ya mstari huo, lichorwe duara ambalo umbali wake kutoka kitovu hadi ukingoni ni sentimita 2.

Pili, bila kubadilisha upana wa bikari, sindano iwekwe pale duara linapokata mstari upande wa kulia, na duara ligawanywe kwa kupiga hatua kulizunguka. Hatua sita zitamrudisha mchoraji mahali alipoanzia. Hizo ni nyuzi 0, 60, 120, 180, 240 na 300. Kisha aanze tena kutoka kilele cha duara, apige hatua nyingine sita: 90, 150, 210, 270, 330 na 30. Sasa duara lina alama 12 kama uso wa saa.

Tatu, nafasi ya sentimita moja iachwe upande wa kulia wa duara, na hapo uanze mhimili wa grafu. Kila sentimita moja iwe nyuzi 30. Sentimita 12 zitatosha nyuzi 360.

Nne, kutoka kila alama ya duara uvutwe mstari mwembamba ulio sambamba na mhimili, hadi ukutane na pembe yake kwenye grafu. Alama ya nyuzi 30 itakuwa juu kwa sentimita 1, ya 60 kwa sentimita 1.7, na ya 90 kwa sentimita 2. Baada ya hapo vimo hurudi kwa mpangilio ule ule: 1.7, kisha 1, kisha sifuri kwenye nyuzi 180. Nusu ya pili ni sura ya nusu ya kwanza iliyopinduliwa chini ya mstari, na safari huishia sifuri kwenye nyuzi 360.

Tano, alama ziunganishwe kwa mkono, bila rula, kwa mwendo mmoja usiosita. Fundi wa kuchora huweka kiganja ndani ya tumbo la mkunjo, si nje yake, ili mkono ugeuke wenyewe.

MAKOSA YANAYOONEKANA MARA NYINGI

Kosa la kwanza ni kuchora vilele vilivyochongoka kama paa la nyumba. Wimbi la saini halina ncha. Kileleni hupumzika kidogo kabla ya kuteremka.

Kosa la pili ni kuchora nusu duara juu na nusu duara chini. Nusu duara huinuka wima kutoka kwenye mstari, lakini wimbi hili huondoka kwa mshazari. Kwa vipimo vilivyotajwa hapo juu, huondoka kwa mwinuko wa karibu nyuzi 45. Tazama jinsi linavyopanda: nyuzi 30 za kwanza hupanda sentimita 1, 30 za pili hupanda 0.7, na 30 za tatu hupanda 0.3 tu. Hupanda kama askari anayepanda mlima akiwa na mzigo: huanza kwa nguvu, na kasi hupungua kadiri anavyokaribia kilele.

Kosa la tatu ni kusahau kwamba wimbi haliishii nyuzi 360. Linaendelea kulia na kushoto bila kikomo, likirudia umbo lile lile. Mwanafunzi hukata kipande tu, kama mshonaji anayekata kipimo chake kutoka jora la kitambaa.

KOSAINI NA TANJENTI

Aliyekwisha kuchora saini hana kazi kubwa kwa kosaini. Ni wimbi lile lile, isipokuwa linaanzia kileleni. Kwenye 0 liko 1, kwenye 90 linakata mstari, kwenye 180 liko chini kabisa, kwenye 270 linakata tena, na kwenye 360 limerudi juu.

Tanjenti ina tabia nyingine. Kwa vidole vile vile, gawanya idadi ya upande wa kidole kidogo kwa idadi ya upande wa gumba, kisha utafute kipeuo cha pili. Kwa nyuzi 45 ni 2 kwa 2, jibu ni 1. Kwa nyuzi 60 ni 3 kwa 1, jibu ni 1.732. Lakini kwa nyuzi 90 ni 4 kugawanywa kwa sifuri, jambo lisilowezekana. Mkono wenyewe umetoa onyo. Kwa hiyo kwenye nyuzi 90 na 270 uchorwe mstari wima wa vidoti. Tanjenti huusogelea mstari huo ikipaa bila mwisho, lakini haiugusi; kisha huibuka upande wa pili kutoka chini kabisa. Umbo lake hujirudia kila baada ya nyuzi 180.

MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

Mitihani mara nyingi haiulizi wimbi la kawaida. Huuliza, kwa mfano, grafu ya *y* = 2 + 3 saini 2*x*. Mwanafunzi asiyejiandaa huogopa, au huanza kujaza jedwali la alama nyingi. Kumbe maswali manne tu yanatosha.

Mstari wa kati uko wapi? Namba 2 inayoongezwa inasema kwamba wimbi zima limeinuliwa likae juu ya mstari wa 2. Wimbi lina kimo gani? Namba 3 inasema linapanda 3 juu ya mstari huo na kushuka 3 chini yake, yaani kutoka 5 hadi −1. Wimbi moja lina urefu gani? Namba 2 iliyo mbele ya *x* inagawanya 360, hivyo wimbi moja linakamilika katika nyuzi 180. Linaanzia wapi? Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa kwenye pembe, hivyo linaanza kwenye 0 kama kawaida.

Sasa gawanya 180 katika robo nne za nyuzi 45, na alama tano zinapatikana papo hapo: kwenye 0 iko 2, kwenye 45 iko 5, kwenye 90 iko 2, kwenye 135 iko −1, na kwenye 180 iko 2. Chora, kisha rudia hadi 360. Kazi ya dakika tatu, bila kitufe hata kimoja.

PEMBE ZILIZO KATIKATI

Yaweza kutokea kwamba alama ya pembe nyingine inahitajika, kama nyuzi 50. Hapa unafaa ufundi wa Bhaskara wa Kwanza, mwanahisabati wa Bara Hindi wa karne ya 7. Zidisha pembe kwa kiasi kilichobaki kufika 180: 50 mara 130 ni 6,500. Jibu hilo lizidishe kwa 4: 26,000. Kisha jibu lile lile la kwanza litoe katika 40,500: inabaki 34,000. Gawanya 26,000 kwa 34,000, upate 0.765. Saini kamili ya nyuzi 50 ni 0.766. Kwa pembe zote kutoka 0 hadi 180 tofauti haizidi 0.002, na tofauti hiyo ni nyembamba kuliko mstari wa penseli.

WIMBI HILI LINAONEKANA WAPI?

Watoto huuliza, na ni haki yao, mambo haya yana kazi gani. Jibu la kwanza liko ukutani mwa nyumba. Umeme unaoletwa majumbani Uganda ni wa volti 240, nao hupanda na kushuka kwa wimbi la saini mara 50 kila sekunde. Ile 240 si kilele. Ni kiasi kinachopima nguvu yake ya kufanya kazi. Kilele hupatikana kwa kuzidisha 240 kwa 1.414, yaani volti 339 hivi. Mtoto aliyelichora wimbi hilo ataelewa kwa nini waya uliochubuka si kitu cha kuchezea.

Jibu la pili liko angani. Urefu wa mchana hupanda na kushuka katika mwaka kwa umbo linalokaribia wimbi la saini. Mjini London, mchana mrefu wa Juni huzidi saa 16 na nusu, na mfupi wa Desemba haufikii saa 8. Kampala, iliyo karibu sana na Ikweta, ina wimbi lile lile lakini kimo chake ni cha dakika chache tu, hata huonekana kama mstari ulionyooka. Ndiyo maana hesabu ya Kiswahili ya saa 12 za mchana na saa 12 za usiku hutufaa mwaka mzima.

Jibu la tatu askari watalitambua. Kitu kinachorushwa kwa kasi ileile, kama upinzani wa hewa ukiwekwa kando, huenda umbali unaofuata saini ya pembe iliyozidishwa mara mbili. Chora saini 2*x* kutoka 0 hadi 90, na mchoro utasema wenyewe: umbali mkubwa kabisa uko kwenye nyuzi 45, na nyuzi 30 na 60 hutoa umbali ulio sawa. Mpiga mota anajua kwamba, baada ya nyuzi 45, akizidi kuinua mtutu kombora huangukia karibu zaidi. Sababu yake imo katika mteremko wa wimbi hilo.

KAZI YA MZAZI

Mzazi hahitaji kuwa na cheti cha hisabati ili amsaidie mtoto wake. Anaweza kuketi naye mezani baada ya chakula cha jioni na kumwambia, “Mwanangu, nionyeshe wimbi hilo lilivyo.” Mtoto anayelazimika kumweleza baba au mama hugundua mwenyewe mahali asipoelewa. Mzazi naye atazame mambo matatu: je, kilele hakikuchongoka? Je, nusu ya chini inalingana na ya juu? Je, alama zimeandikwa kwenye mihimili yote miwili?

Kwa wiki hii mtoto apewe kazi tatu bila mashine. Achore *y* = 2 saini *x*; achore *y* = kosaini 2*x*; na mwishowe achore saini na kosaini pamoja kwenye ukurasa mmoja, kutoka 0 hadi 360, na kutaja mahali zinapokutana. Zitakutana mara mbili, kwenye nyuzi 45 na 225. Akipata namba nyingine, asilaumiwe. Arudi kwenye duara lake la sentimita 2 na kupima upya.

Baada ya hapo mashine irudishwe mezani. Haikufanywa adui. Ila tangu siku hiyo, kila itakapotoa jibu, kutakuwa na mtu wa kulikagua.